MIFEREJI NDANI YA MTUTU: HISTORIA YA UAINISHAJI WA KISHERIA WA BASTOLA ZINAZOPIGA RISASI ZA MARISAU NCHINI MAREKANI, 1934–2026

IKISIRI

Insha hii inachunguza namna sheria za shirikisho za Marekani zilivyoainisha bastola zinazotumia risasi za marisau tangu mwaka 1934 hadi 2026. Inadaiwa kwamba mpaka unaotenganisha bastola halali na silaha inayodai usajili maalumu haukutokana na tathmini ya hatari ya silaha hizo. Ulitokana na muswada wa mwaka 1934 uliopoteza nguzo yake kuu, yaani udhibiti wa bastola za kawaida, lakini ukabaki na masharti yaliyotungwa kuilinda nguzo hiyo. Kwa kufuatilia maandiko ya sheria, hukumu za Mahakama ya Juu na mwenendo wa watengenezaji, insha inaonesha jinsi mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ilivyopewa uzito wa kisheria ambao haikukusudiwa kuubeba.

1.0 Utangulizi

Chukua bastola mbili zenye umbo moja, uzito mmoja na urefu mmoja wa mtutu, zote zikipiga risasi ileile ya marisau ya kipimo cha .410. Ya kwanza ina mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu. Ya pili ina mtutu laini. Chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani, ya kwanza huuzwa dukani kama bastola nyingine yoyote. Ya pili huhitaji kusajiliwa katika daftari la taifa, na mtu anayekutwa nayo bila usajili anaweza kufungwa hadi miaka kumi na kutozwa faini. Tofauti kati ya uhuru na kifungo imo katika mistari michache ya chuma isiyoonekana mpaka mtu achungulie ndani ya mtutu.

Wachambuzi wengi wa sheria za silaha nchini Marekani wameshughulikia zaidi bunduki za rashasha na tafsiri ya Marekebisho ya Pili ya Katiba. Bastola za marisau zimeachwa pembeni kama jambo la wakusanyaji wa silaha za kale. Insha hii inazirejesha katikati kwa sababu mbili. Kwanza, zinaonesha kwa uwazi namna maafikiano ya kisiasa yanavyogeuka kuwa kategoria za kisheria zinazodumu baada ya sababu zake kusahauliwa. Pili, zinaibua swali linalogusa mfumo wowote wa sheria ya jinai: je, raia anaweza kutarajiwa kuutii mpaka ambao mantiki yake haielezeki kwa kuitazama silaha yenyewe?

1.1 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika insha hii, *bunduki ya marisau* ni ile inayojulikana pia kwa jina la shotgani: silaha ya begani yenye mtutu laini, inayorusha punje nyingi ndogo au risasi moja nzito kutoka katika ganda moja. *Marisau* ni punje hizo. *Mifereji* ni michirizi ya mzunguko inayochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi moja ipate kwenda kwa unyoofu. *Bastola* inajumuisha ile ya silinda inayozunguka na ile isiyo na silinda, mradi iwe imebuniwa kushikwa na kufyatuliwa kwa mkono. *Kitako* ni sehemu ya bunduki inayoegemezwa begani.

2.0 Silaha Kabla ya Sheria

Bastola za marisau hazikuwa jambo geni katika Marekani ya miaka ya 1920. Kampuni ya Ithaca Gun ya jimbo la New York ilianza mwaka 1922 kutengeneza silaha ya mitutu miwili iliyoitwa Auto & Burglar Gun, jina lililotangaza wazi matumizi yake: kulinda gari na kumkabili mwizi wa nyumbani. Kampuni ya Harrington & Richardson ya Worcester, Massachusetts, ilikuwa na Handy-Gun, silaha ya mtutu mmoja yenye mshiko wa bastola iliyouzwa katika vipimo vya .410 na 28. Wanunuzi wake walikuwa wenye magari, wakulima na wategaji wa wanyama. Kwa mkulima aliyetaka kumuua nyoka au panya zizini, punje zinazotawanyika zilifaa kuliko risasi moja inayohitaji shabaha kali.

Wakati huohuo, hofu ya umma ilikuwa ikielekezwa kwingine. Marufuku ya pombe, iliyokoma Desemba 1933, ilikuwa imezalisha magenge yenye fedha na silaha. Mauaji ya watu saba mjini Chicago tarehe 14 Februari 1929, yaliyotekelezwa kwa bunduki za rashasha aina ya Thompson na bunduki za marisau, yaliweka picha ya aina hizo mbili za silaha katika fikra za taifa. Lakini tukio lililomgusa mtawala mwenyewe lilihusu silaha ya aina nyingine. Tarehe 15 Februari 1933, mjini Miami, Giuseppe Zangara alimfyatulia risasi Rais mteule Franklin D. Roosevelt na kumkosa, huku akimjeruhi Anton Cermak, meya wa Chicago, aliyefariki baadaye. Silaha iliyotumika ilikuwa bastola ya kawaida ya silinda.

3.0 Muswada wa 1934 na Nguzo Iliyoondolewa

Mwanasheria Mkuu Homer Cummings alipowasilisha hoja ya udhibiti mbele ya Bunge mwaka 1934, alitambua kwamba serikali ya shirikisho haikuwa na mamlaka ya moja kwa moja ya kupiga marufuku silaha ndani ya majimbo. Njia aliyochagua ilikuwa kodi. Silaha zilizolengwa zingetozwa kodi kubwa kila zinapohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na usajili ungekuwa chombo cha kuhakikisha kodi inalipwa. Kodi hiyo, dola 200, ilizidi kwa mbali bei ya silaha nyingi zilizohusika. Kwa jina ilikuwa chanzo cha mapato. Kwa matokeo ilikuwa kizuizi.

Jambo la msingi kwa insha hii ni kwamba muswada wa awali uliziweka bastola zote za kawaida ndani ya mfumo huo. Zilikuwa ndiyo silaha zilizotumika zaidi katika uhalifu na zilizofichika kwa urahisi zaidi. Kutokana na hilo, masharti juu ya bunduki zilizokatwa mitutu yalikuwa na mantiki inayoeleweka. Kama bastola ingetozwa kodi na kusajiliwa, mhalifu angeweza kununua bunduki ya kuwindia, kuikata mtutu na kitako, na kujipatia silaha ya kufichika bila kugusa daftari la serikali. Kanuni ya urefu wa mtutu ilikuwa ukuta wa kuzuia watu wasiuzunguke mlango mkuu.

Mlango huo haukujengwa. Katika vikao vya Kamati ya Njia na Mapato ya Baraza la Wawakilishi, upinzani uliongozwa na Chama cha Taifa cha Raifo, ambacho rais wake, Karl Frederick, alikuwa mshindi wa medali za dhahabu za kulenga shabaha kwa bastola katika Michezo ya Olimpiki ya 1920. Bastola za kawaida ziliondolewa katika muswada. Ukuta wa pembeni, hata hivyo, uliachwa. Sheria ya Taifa ya Silaha za Moto ilipotiwa saini tarehe 26 Juni 1934, ilidhibiti rashasha, vizuia sauti, bunduki za marisau na raifo zenye mtutu mfupi kuliko inchi 18, pamoja na kundi la mwisho lililoitwa "silaha nyingine yoyote" inayoweza kufichwa mwilini, isipokuwa bastola.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyozalisha tatizo. Ikiwa bastola imesamehewa, basi kila kitu kinategemea jibu la swali: bastola ni nini? Handy-Gun ilishikwa kama bastola, ikafyatuliwa kama bastola na kufichika kama bastola. Hata hivyo, mamlaka za kodi zilishika msimamo kwamba silaha ya mkononi yenye mtutu laini iliyobuniwa kwa risasi za marisau haikuwa bastola kwa maana ya sheria. Matokeo yalikuwa ya haraka. Utengenezaji wa Auto & Burglar Gun ulikoma mwaka 1934, na Handy-Gun ikatoweka katika soko la kawaida. Silaha za mkulima na mwenye gari ziliingia katika daftari moja na rashasha, ilhali bastola kama ile ya Zangara ilibaki nje.

4.0 Mahakama na Uandishi Mpya wa Sheria, 1939–1968

Mahakama ya Juu ilipata fursa ya kuupima mpango huo mwaka 1939 katika shauri la *Marekani dhidi ya Miller*. Jack Miller na Frank Layton walishtakiwa kwa kusafirisha bunduki ya marisau yenye mitutu miwili mifupi kuliko inchi 18 kutoka Claremore, Oklahoma, hadi Siloam Springs, Arkansas. Jaji wa mahakama ya wilaya aliitupa kesi kwa kuona kwamba sheria ilikiuka Marekebisho ya Pili. Serikali ilikata rufaa. Upande wa utetezi haukuwa na wakili aliyesimama mbele ya Mahakama ya Juu. Jaji McReynolds, akiiandikia Mahakama, alieleza kwamba bila ushahidi unaoonesha uhusiano wa kuridhisha kati ya silaha ya aina hiyo na ufanisi wa jeshi la wananchi, Mahakama haikuweza kusema kwamba Katiba inailinda.

Umuhimu wa hukumu hiyo kwa bastola za marisau ni wa upande mmoja. Mahakama haikuuliza kwa nini mpaka uwe inchi 18, wala kwa nini silaha inayofichika kwa shida kuliko bastola idhibitiwe kuliko bastola. Ilikubali kategoria kama ilivyoikuta. Karibu miaka sabini baadaye, katika shauri la *District of Columbia dhidi ya Heller* la 2008, Jaji Scalia aliisoma *Miller* kuwa inasema kwamba Katiba haizilindi silaha ambazo raia watiifu kwa sheria hawazimiliki kwa kawaida, akitaja bunduki za marisau zenye mtutu mfupi kama mfano. Hapo kuna mzunguko unaostahili kuangaliwa na watafiti: silaha ambazo zilikuwa zikiuzwa madukani ziliondolewa sokoni na kodi ya 1934, kisha uchache wake ukawa hoja ya kuhalalisha kuendelea kuziondoa.

Mwaka 1968 ulileta uandishi mpya. Mnamo Januari, katika shauri la *Haynes*, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mfumo wa usajili ulimlazimisha mtu kujishtaki mwenyewe, hivyo haukuweza kutumika dhidi ya mshtakiwa aliyeutumia utetezi huo. Bunge lililazimika kuiandika upya sheria ya 1934, nalo lilifanya hivyo ndani ya Sheria ya Udhibiti wa Bunduki iliyotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 22 Oktoba 1968. Katika uandishi huo, kilichokuwa msimamo wa watoza kodi kiligeuka kuwa maneno ya sheria. "Silaha nyingine yoyote" sasa ilijumuisha waziwazi bastola yenye mtutu laini iliyobuniwa kupiga ganda la marisau, na ilizitoa waziwazi bastola zenye mtutu wa mifereji. Aidha, bunduki ya marisau ilifafanuliwa kwa sifa mbili zinazopaswa kukutana: iwe imekusudiwa kufyatuliwa begani, na mtutu wake uwe laini.

Kuanzia hapo, bastola ya mifereji inayopokea ganda la marisau ilikuwa nje ya fafanuzi zote mbili. Haikuwa bunduki ya marisau, kwa kuwa haikuwa ya begani wala haikuwa na mtutu laini. Haikuwa "silaha nyingine yoyote", kwa kuwa mifereji ilikuwa imeiokoa.

5.0 Watengenezaji Ndani ya Mwanya wa Sheria

Mwanya huo ulikuwa mwembamba kuliko unavyoonekana, na wembamba wake ulitokana na kipimo. Sheria hiyohiyo ya 1968 iliziweka silaha nyingi zenye tundu la mtutu linalozidi nusu inchi katika kundi la zana za maangamizi, isipokuwa zile zinazotambuliwa kufaa kwa michezo na uwindaji. Tundu la kipimo cha 12 ni takriban inchi 0.73, na hata kipimo cha 28 ni takriban inchi 0.55. Miongoni mwa risasi za marisau zinazotumika sana, .410 peke yake iko chini ya nusu inchi. Kwa bahati ya vipimo, ganda lake jembamba linaingia katika chemba iliyorefushwa ya risasi ya .45 Colt, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1873. Kwa hiyo mtengenezaji aliweza kusema kwa ukweli kwamba mtutu wake una mifereji kwa ajili ya risasi ya bastola, na kwamba uwezo wa kupokea marisau ni wa ziada.

Kampuni ya Thompson/Center, iliyoanza kuuza bastola yake ya Contender mwaka 1967, ilitoa mtutu wa aina hiyo. Mifano michache inaonesha vizuri zaidi umbali kati ya kategoria na kazi ya silaha. Mifereji huyazungusha marisau na kuyatawanya mapema, hivyo huharibu mpigo. Ili kuirekebisha hali hiyo, Contender ilifungwa mdomoni kifaa chenye michirizi iliyonyooka, ambacho kazi yake ni kuukomesha mzunguko. Mtutu ulichongwa mifereji ambayo sheria iliidai. Kisha kifaa kikaongezwa ili kuondoa athari ya mifereji hiyo.

Mwaka 2006 kampuni ya Taurus ya Brazili iliingiza sokoni bastola ya silinda yenye nafasi tano inayopokea .410 na .45 Colt. Kwa maelezo ya kampuni, jina la Judge lilitokana na taarifa kwamba mahakimu wa Miami walikuwa wakiinunua kwa ajili ya kujilinda. Mwaka 2011 Smith & Wesson ilifuata na Governor, yenye nafasi sita. Silaha iliyokuwa imefutwa sokoni mwaka 1934 ilikuwa imerudi katika umbo la bastola, ikiuzwa bila kodi ya dola 200 wala usajili wa taifa.

6.0 Mipaka Inayogongana

Uthabiti wa uainishaji wa shirikisho unapungua zaidi unapolinganishwa na sheria za majimbo. California inaifafanua bunduki ya marisau yenye mtutu mfupi kuwa silaha yoyote iliyobuniwa kupiga ganda la marisau na yenye mtutu usiofika inchi 18. Fafanuzi hiyo haiulizi kama silaha inaegemezwa begani, wala kama mtutu una mifereji. Kwa hiyo Judge, ambayo ni bastola ya kawaida mjini Reno, Nevada, ni silaha iliyopigwa marufuku mara msafiri anapovuka mpaka wa California kwa mwendo wa dakika chache. Fafanuzi ya California ina sifa moja ya wazi: inamwelekeza mwenye silaha kutazama anachopakia na urefu wa mtutu, mambo mawili yanayopimika bila utaalamu.

Mpaka mwingine ulidhihirika mwaka 2017, Mossberg ilipoitoa 590 Shockwave. Ni silaha ya kipimo cha 12 yenye mtutu laini wa takriban inchi 14, ambayo haikuwahi kufungwa kitako na ambayo urefu wake wote unazidi inchi 26. Kwa kuwa haikukusudiwa begani, si bunduki ya marisau. Kwa kuwa inavuka inchi 26, mamlaka za shirikisho hazikuiona kuwa ya kufichika mwilini, hivyo si "silaha nyingine yoyote". Mtu akiifunga kitako bila kibali, anatengeneza silaha ya kusajiliwa, ingawa kitako kingeifanya iwe ndefu zaidi na ngumu zaidi kufichwa.

Yapo maelezo yanayoweza kutolewa kuutetea mfumo huu. Inaweza kusemwa kwamba mtutu laini huyabana marisau vizuri zaidi, hivyo huifanya silaha fupi kuwa kali zaidi kwa umbali wa vyumba viwili au vitatu. Kwamba mifereji ni alama ya nje ya kusudio la mtengenezaji. Na kwamba kila mpaka wa kisheria una kesi zinazoukwaruza. Hoja ya kwanza ina ukweli wa kiufundi. Inaeleza kwa nini bastola mbili za marisau zitofautishwe. Haielezi kwa nini ile iliyo laini iwekwe pamoja na silaha za kusajiliwa wakati bastola yenye uwezo mkubwa wa kuua imeachwa nje. Hoja ya pili inadhoofishwa na Contender, ambayo mifereji yake na kifaa chake cha mdomoni vinaonesha makusudio mawili yanayopingana ndani ya mtutu mmoja. Hoja ya tatu ni sahihi kwa jumla, lakini kesi zinazojadiliwa hapa haziko ukingoni mwa kategoria. Ndizo zilizosababisha kategoria yenyewe iandikwe mwaka 1968.

Mahakama ya Juu yenyewe imekiri ugumu huo. Katika shauri la *Marekani dhidi ya Thompson/Center Arms* la 1992, lililohusu seti ya kuigeuza Contender kuwa raifo, Jaji Souter aliona kwamba maneno ya sheria yalibaki na utata. Kwa kuwa sheria ya kodi hapa inabeba adhabu za jinai, utata huo ulitatuliwa kwa kumpa nafuu anayewajibishwa. Ni jambo la kutafakari kwamba mwandishi wa kifungu alihitaji mahakama ya juu kabisa ili kujua maana ya neno "kutengeneza", ilhali raia anatarajiwa kulijua kabla ya kukaza parafujo.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa ina hatua tatu. Mwaka 1934 Bunge lilikusudia kudhibiti silaha zinazofichika, likaondoa zile zilizofichika zaidi, likabakiza masharti ya kuzuia ukwepaji. Mwaka 1968 masharti hayo yaliandikwa upya kwa usahihi mkubwa wa lugha bila sababu yake kuulizwa tena. Tangu miaka ya 1960 hadi leo, watengenezaji wamesoma usahihi huo kama michoro ya kiwandani na kuunda silaha zinazolingana nao.

Hatua ya nne imeanza. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliipunguza kodi ya bunduki zenye mtutu mfupi, vizuia sauti na "silaha nyingine yoyote" hadi dola sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026, huku usajili na adhabu vikibaki. Mfumo uliojengwa juu ya mamlaka ya kutoza kodi sasa, kwa silaha hizi, hautozi kodi. Swali la kikatiba linalofuata liko wazi: usajili uliohalalishwa kama nyenzo ya kukusanya mapato unasimama juu ya nini mapato yasipokuwepo? Jibu lolote litakalotolewa litalazimika kurudi mwaka 1934 na kueleza kile ambacho maandiko ya baadaye hayakukieleza, yaani kwa nini mifereji ndani ya mtutu ilipewa kazi ya kuamua nani ni mmiliki halali na nani ni mhalifu.